Miguu Polepole, Ratiba Mbio: Mhadhara Kuhusu Ugonjwa wa Mwinuko

Desemba 2010 Martina Navratilova alifika Tanzania kupanda Mlima Kilimanjaro. Alikuwa na umri wa miaka 54, na katika maisha yake ya tenisi alikuwa ametwaa ubingwa wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja mara 9. Kwa mazoezi na nidhamu ya mwili, ni wachache wangeweza kujipima naye. Alipofika kwenye mwinuko wa takriban mita 4,500, pumzi ikagoma. Wapagazi walimsaidia kushuka, akapelekwa hospitalini Nairobi, na ikaelezwa kwamba mapafu yake yalikuwa yameingiwa na maji. Alitibiwa, akapona.

Kisa hicho kimewekwa mwanzoni mwa mhadhara huu kwa makusudi. Watu wa Afrika Mashariki wanaoamua kupanda mlima, iwe ni kundi la wafanyakazi linalokwenda kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika kila Desemba 9, au wanafunzi wa chuo wanaotoka Nairobi kwa wikendi moja, hujiuliza kama wana nguvu za kutosha. Wanakimbia asubuhi, wanapanda ngazi za ghorofani, wananunua viatu. Swali linaloamua nani atarudi mzima ni jingine: safari ni ya siku ngapi? Ugonjwa wa mwinuko hauogopi misuli. Unategemea kasi ambayo mwili umepandishwa nayo, na kama aliyeanza kuumwa alisema mapema au alijikaza.

Utafiti mmoja uliochambua vifo vya watalii Kilimanjaro, kuanzia Januari 1996 hadi Oktoba 2003, ulihesabu vifo 25. Kati yake, 14 vilitokana na ugonjwa wa mwinuko uliokwisha kukomaa. Vilivyobaki vilisababishwa na moyo, ajali, nimonia na maradhi mengine. Kwa mlima unaopandwa na makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, idadi hiyo ni ndogo. Lakini ugonjwa huu hutoa taarifa kabla ya kuua, na dawa yake kuu haiuzwi dukani: ni kushuka. Ndiyo maana kila kifo chake huuma zaidi.

Tena hesabu hiyo ni ya watalii peke yao. Wapagazi hawamo.

Pumzi ya Kunduchi na pumzi ya Uhuru

Husemwa mara nyingi kwamba juu mlimani oksijeni imekwisha. Sivyo ilivyo. Hewa ya ufukwe wa Kunduchi na hewa ya Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, zina oksijeni kwa kiwango kilekile, asilimia 21. Kinachobadilika ni shinikizo. Pwani, tabaka zima la hewa juu ya kichwa cha mtu humgandamiza kwa shinikizo la milimita 760 za zebaki. Kadiri anavyopanda, hewa iliyobaki juu yake hupungua, na ile inayomzunguka hutanuka na kuwa nyepesi. Kwenye Uhuru, mita 5,895, shinikizo limeshuka hadi karibu nusu. Kifua kinajaa kama kawaida, mbavu zinatanuka kama kawaida, ila mzigo wa oksijeni uliomo katika pumzi hiyo ni nusu ya ule wa Kunduchi.

Mwili hauketi tu ukasubiri. Ndani ya saa chache mtu huanza kupumua kwa kasi na kwa kina, na moyo hupiga haraka. Kupumua huko kunatoa hewa ukaa nyingi mno, damu inapoteza asidi yake, na ubongo unapoona hivyo hupunguza kasi ya pumzi. Hapo figo huingia kazini: hutoa alkali kwenye mkojo ili kurudisha mizani, na pumzi inaruhusiwa kwenda kasi tena. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa. Kuongeza chembe nyekundu za damu kwa kiwango cha maana huchukua majuma. Mvutano huo kati ya pumzi na ubongo ndio sababu mpandaji, usiku wake wa kwanza juu, huamka ghafla akihema, akidhani amekabwa: usingizini pumzi hupanda, hushuka, husimama kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi kwa kishindo. Hali hiyo inatisha, lakini peke yake si ugonjwa.

Maarifa haya yamechukua karne nyingi kukusanywa. Padri Mhispania José de Acosta aliandika mwaka 1590 kuhusu kichefuchefu na unyonge uliompata alipovuka milima ya Andes. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kiini cha tatizo ni upungufu wa oksijeni unaoletwa na shinikizo dogo. Mwaka 1893 Waitalia walifungua kibanda juu ya Monte Rosa, mita 4,554, wakakipa jina la Malkia Margherita, na hadi leo madaktari hupanda huko kuchunguza ugonjwa huu. Jina hilohilo la malkia ndilo lililopelekwa Rwenzori mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, Mwitalia, alipofika kilele cha mita 5,109 kilichoko mpakani mwa Uganda na Kongo.

Sura tatu za ugonjwa mmoja

Sura ya kwanza ndiyo inayowapata wengi. Huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kufika kwenye mwinuko mpya, mara nyingine mapema zaidi: kichwa kinauma, chakula hakitamaniki, tumbo linachafuka, mwili unakuwa mzito, kizunguzungu kinakuja na kuondoka. Anayeumwa hivyo hufanana kabisa na mtu aliyekunywa pombe usiku kucha. Katika safari za Kilimanjaro, tafiti zimewakuta zaidi ya nusu ya wapandaji wakiwa na hali hii kwa kiwango fulani. Wasipoendelea kupanda, wengi hupona ndani ya siku moja au mbili hapohapo walipo.

Wataalamu waliokutana Lake Louise, Kanada, mwaka 1991 walitunga kipimo rahisi, kikarekebishwa mwaka 2018. Mambo manne huulizwa: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu. Kila moja hupewa alama kuanzia 0, maana yake hakuna, hadi 3, maana yake kali. Mwenye maumivu ya kichwa na jumla ya alama 3 au zaidi amepatwa. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Mwongozaji makini hukiuliza kila jioni katika hema la kulia, bisi na chai vikiwa mezani, na huandika majibu kwenye daftari. Wengi huongeza kipima oksijeni cha kidoleni. Kifaa hicho kina faida, ila namba yake peke yake isigeuzwe hukumu: kwenye mita 4,700 watu wengi walio wazima huonyesha asilimia 80 hivi, kiwango ambacho pwani kingewafanya wakimbizwe hospitali. Kinachotazamwa ni mtu mwenyewe, na kama namba yake inaporomoka mbali na za wenzake.

Sura ya pili ni ubongo kuvimba. Dalili yake kuu iko miguuni na kwenye mazungumzo: mtu anayumba, anachanganya maneno, anavaa glavu moja na kuisahau nyingine, anakasirika bila sababu au anakaa kimya kama aliyesusa. Kuna mtihani ambao unaweza kufanyika mahali popote penye nafasi ya hatua kumi. Mwongozaji huchora mstari ardhini kwa fimbo, kwenye vumbi la kijivu nje ya kibanda. Mgeni huambiwa atembee juu ya mstari huo, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, afike mwisho ageuke arudi. Aliyechoka tu ataufuata mstari huku akinung'unika. Mwenye ubongo unaovimba atatoka nje ya mstari hatua ya tatu, atatanua mikono kama anayevuka gogo, na huenda akaanguka. Aliyeshindwa mtihani huo hangoji kuche. Tangu mtu aanze kuyumba, anaweza kufa ndani ya saa 24.

Sura ya tatu ni mapafu kuingiwa na maji, na ndiyo inayoongoza kwa kuua. Mara nyingi hujitokeza usiku wa pili kwenye mwinuko mpya. Anayepatwa huwa wa mwisho kwenye msafara ilhali jana alikuwa wa mbele. Anakohoa kikavu. Baadaye anahema hata akiwa amekaa, midomo inageuka samawati, na kifuani mnasikika mlio kama maji yanayochemka kwa mbali. Makohozi yenye povu la rangi ya waridi huja mwishoni kabisa. Anayeyasubiri ili aamini amechelewa. Tena si lazima kichwa kiume kwanza. Mtu anaweza kuruka sura ya kwanza na kuingia moja kwa moja kwenye hii.

Kwa muda mrefu waliokufa hivyo waliandikiwa nimonia. Mwaka 1891 daktari kijana aitwaye Jacottet alifika kilele cha Mont Blanc, Ufaransa, akaanza kuumwa, na badala ya kushuka akabaki kwenye kibanda cha juu ili ajichunguze mwenyewe namna mwili unavyozoea. Alikufa ndani ya siku chache. Ni mwaka 1960 tu ndipo Mmarekani Charles Houston alipoeleza katika jarida la kitabibu kwamba maji haya ya mapafuni huletwa na mwinuko wenyewe, hata kwa kijana mzima asiye na maradhi ya moyo.

Hesabu za vituo

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni nyepesi kukumbuka. Mtu akishapita mita 3,000, kituo chake cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne alale palepale alipolala jana. Mchana anaweza kupanda juu zaidi ya hapo, mradi usiku arudi chini. Kinachohesabiwa ni kitanda.

Sasa kanuni hiyo iwekwe juu ya njia ya Marangu kwa safari ya siku tano. Lango liko takriban mita 1,870. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili ni Horombo, mita 3,720. Wa tatu ni Kibo, takriban mita 4,700, na usiku huohuo, kabla usingizi haujakolea, safari ya kuelekea mita 5,895 inaanza. Kati ya kitanda na kitanda kuna mita 1,000, mara mbili ya kinachoshauriwa, bila siku hata moja ya kutulia. Aliyetoka Dar es Salaam Jumatatu akiwa usawa wa bahari anaweza kuwa Kibo Alhamisi.

Hapa ndipo penye mgongano ambao mhadhara huu unataka uonekane. Tangu langoni, mgeni huimbiwa neno moja: polepole. Mwongozaji wa mbele hupunguza hatua hadi zinakuwa fupi kuliko kiatu, anayejaribu kumpita hurudishwa nyuma, na neno hilo limekwenda duniani kote kwenye fulana za watalii. Miguu inaambiwa polepole, na ni ushauri mzuri. Ratiba iliyotiwa saini mjini Moshi au Arusha inakimbia. Sababu yake ni fedha: ada za hifadhi hulipwa kwa siku, na kila siku inayoongezwa ina chakula chake, ujira wake na ada yake. Msafiri akilinganisha bei, safari fupi humvutia. Anachokiokoa mfukoni anakilipa kwa figo ambazo hazikupewa muda.

Njia za kurekebisha zipo na zinajulikana. Kwenye Marangu hiyohiyo, siku moja ikiongezwa Horombo, wageni hupanda mchana hadi miamba ya Zebra au mbele kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi, kisha hurudi kulala Horombo. Njia ya Machame hupitisha watu Lava Tower, mita 4,600 hivi, wakala chakula cha mchana huku vichwa vikianza kugonga, halafu ikawashusha Barranco, chini ya mita 4,000, kulala. Njia ya Lemosho kwa siku nane huupa mwili nafasi kubwa zaidi. Ambaye amepanda Mlima Meru, mita 4,562, siku chache kabla, huwa amekwisha kuanza kuzoea anapofika Kilimanjaro.

Mlima Kenya unafundisha somo hilohilo kwa upande wa pili. Gari lenye nguvu laweza kumfikisha mtu kituo cha Met, mita 3,050, kwa njia ya Naro Moru. Aliyetoka Nairobi Ijumaa, mji ulio kwenye takriban mita 1,700, Jumamosi usiku analala kambi ya Mackinder, mita 4,200, na Jumapili alfajiri yuko Lenana, mita 4,985. Mlima huu ni mfupi kuliko Kilimanjaro, na wapo wanaouchukulia kuwa wa mazoezi. Urahisi wa barabara yake ndio unaoufanya uwe hatari, kwa kuwa hakuna kilima wala msitu unaomchelewesha mtu hadi anapokuwa juu tayari.

Historia nayo ina ushahidi. Hans Meyer, Mjerumani, alishindwa kufika kilele cha Kibo mwaka 1887. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, akiongozwa, kama inavyosimuliwa, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, alikuja na mpango mwingine. Aliweka kambi juu, kwenye mita 4,300 hivi, akapanga wapagazi wawe wanapandisha chakula kutoka Marangu ili yeye na wenzake wasilazimike kushuka kila mara. Kwenye kambi hiyo alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, mwana wa pwani kabisa. Oktoba 3 walifika ukingo wa kreta, wakarudi kwa kuwa siku ilikuwa imewaishia. Walipumzika, wakajaribu tena, na Oktoba 6 wakasimama kileleni. Meyer alikuwa akitatua tatizo la chakula na muda. Bila shaka mpango wake ulitatua pia tatizo la damu na figo.

Nani anapatwa

Kinachotabiri zaidi ni historia ya mtu mwenyewe. Aliyepatwa safari iliyopita ana uwezekano mkubwa wa kupatwa tena kwa kasi ileile. Ujana si kinga, na mara nyingi kijana mwenye mazoezi ndiye anayeumia kwa sababu miguu yake inamruhusu kukimbia kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea. Wanawake na wanaume wote hupatwa. Pombe na vidonge vya usingizi hupunguza pumzi za usiku, kwa hiyo huongeza hatari.

Kwa Waafrika Mashariki kuna jambo ambalo vijitabu vya watalii wa Ulaya hulipitia juujuu: selimundu. Mgonjwa wa selimundu asipande milima mirefu, kwa maana upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda chembe zake za damu. Hata yule aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani haumwi chochote, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu. Maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, kwa mtu kama huyo ni sababu ya kushuka mara moja. Katika nchi ambazo kinasaba hiki kimeenea, kupima kabla ya safari ni jambo la busara.

La pili ni malaria. Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu akiumwa kichwa na kuchoka, neno la kwanza mdomoni mwake ni malaria, na kama hana homa atasema ni uchovu, baridi au chakula cha jana. Waongozaji wa Nepal, ambako chama cha uokoaji cha Himalayan Rescue Association kilianzishwa mwaka 1973, wanafundishwa kanuni iliyo kinyume: anayeumwa akiwa juu ahesabiwe kuwa anaumwa na mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Huenda kweli ana malaria. Ashuke kwanza, apimwe chini.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo linawahusu wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Kuna imani kwamba mwenyeji wa mlimani hapatwi. Watu wa nyanda za juu za Tibet wamerithi damu iliyozoea kuishi juu kwa maelfu ya miaka. Mchaga hakurithi hivyo, kwa kuwa vijiji vya Uchagani viko kwenye miteremko ya chini ya mlima, na kijana wa Machame au Rombo akienda kambi ya Barafu amepanda mita 3,000 kama mgeni wake. Tofauti ni kwamba amebeba mzigo unaoweza kufika kilo 20 mbali na vitu vyake mwenyewe, na akisema anaumwa anaogopa kupoteza kazi ya siku hiyo na bahashishi ya mwisho wa safari. Basi anajikaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mpagazi hafichi kwa ujinga. Anaficha kwa sababu ana ada ya shule ya kulipa.

Mwaka 1997 huko Nepal, mpagazi kijana alipatwa na ugonjwa huu. Alilipwa ujira wake, akaambiwa ashuke peke yake, akafa. Kifo hicho ndicho kilichozaa kikundi cha International Porter Protection Group. Kanuni inayotokana nacho inafaa kubandikwa katika kila ofisi ya utalii Moshi na Nanyuki: mpagazi anayeumwa apewe tiba ileile anayopewa mgeni, ashushwe na mtu anayejua lugha yake na hali yake, na siku zake zilizobaki zilipwe. Mwongozaji anayempima mgeni oksijeni jioni na asimpime mpishi wake amefanya nusu ya kazi.

Dawa, na mipaka yake

Dawa ya kuzuia inayofahamika zaidi ni asetazolamidi, inayouzwa mara nyingi kwa jina la Diamox. Inaihimiza figo kutoa alkali mapema, kwa hiyo pumzi inaongezeka kabla ya wakati wake. Dozi ya kawaida ya kuzuia kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole huwasha kama vimekaliwa, mkojo huongezeka, na soda hubadilika ladha. Mwenye mzio wa dawa za salfa azungumze na daktari kabla ya kuigusa. Dawa hii haifichi ugonjwa, kinyume na inavyosimuliwa, bali husaidia mwili kuzoea. Hata hivyo haigeuzi safari ya siku tano kuwa ya siku nane.

Deksamethasoni hutumika ubongo unapovimba, na nifedipini hutumika mapafu yanapoingiwa na maji. Zote mbili ni za kununua muda wakati mgonjwa anashushwa, na zinahitaji mkono wa anayezijua. Mtungi wa oksijeni unafanya kazi nzuri zaidi ya vidonge, ila unakwisha. Upo pia mfuko wa Gamow, uliobuniwa na Mmarekani Igor Gamow: mgonjwa hulazwa ndani, zipu hufungwa, na mtu hukanyaga pampu kwa mguu bila kupumzika. Shinikizo la ndani hupanda mpaka mgonjwa anakuwa kama ameshushwa mita 1,500 au zaidi, huku akiwa palepale. Pampu ikisimama, hewa huchakaa. Akitolewa, mlima unarudi. Mfuko ni wa kuvusha usiku wa dhoruba, kisha safari ya chini ianze.

Chai ya tangawizi hupasha mwili na kutuliza tumbo, na hakuna ubaya kuinywa. Haizuii ugonjwa. Maji ni lazima, lakini anayejilazimisha lita nyingi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, akapata maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa kunakofanana na ugonjwa wenyewe. Paresetamoli inaruhusiwa kwa kichwa, kwa sharti moja: aliyeimeza asiendelee kupanda mpaka dalili zote ziishe.

Usiku wa Kibo

Saa tano usiku watu wa Kibo huamshwa. Chai na biskuti huletwa, wengi hawali. Saa sita msafara hutoka, tochi za kichwani zikipanga mstari unaopinda kulia na kushoto juu ya kokoto, na baridi ikigandisha maji kwenye mirija ya mabegi. Uamuzi mgumu zaidi wa safari nzima hufanyika katika saa mbili zinazofuata, gizani, na anayetakiwa kuufanya ni mtu ambaye ubongo wake unapata oksijeni pungufu, aliyelipa fedha nyingi, na ambaye wenzake wako mbele. Kumwachia peke yake ni kumwonea. Mwongozaji msaidizi anayetembea nyuma yupo kwa kazi hiyo. Anamuuliza jina la hoteli aliyolala Moshi. Anamwambia akae, asimame, atembee hatua kumi. Akiona jibu linachelewa na mguu unakwenda upande, haombi ruhusa ya kumgeuza.

Safari ya chini haisubiri helikopta wala mapambazuko. Mgonjwa anayeweza kutembea hushikwa mkono huku na huku. Mwenye maji mapafuni asitembee kabisa ikiwezekana, kwani kila hatua inayazidisha. Hulazwa akiwa ameinuliwa kifua kwenye machela ya gurudumu moja, akafungwa mikanda na kuvikwa begi la kulalia, watu wakishika mbele na nyuma, na gurudumu likigonga mawe ya uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi. Kutoka Kibo hadi Horombo ni mita 1,000 za kushuka, kimo ambacho kwa wengi hutosha kuirudisha hali.

Pale Last Water, njiani kuelekea Horombo, jua likianza kutokea nyuma ya Mawenzi, aliyekuwa hawezi kutaja jina lake mara nyingi huuliza yuko wapi. Akifika Horombo anakaa kwenye ngazi ya kibanda, anavua kofia, anasema kichwa kimepungua na anaomba uji. Mwongozaji msaidizi anabaki naye, maana usiku unaofuata lazima awe chini zaidi. Wagumu waliomleta wanakunywa chai wakiwa wamesimama, wanaigeuza machela, na kuanza kuisukuma tena kuelekea Kibo.